Tuhuma Haipandi Ngazi

Kila aliyekulia uswahilini Dar es Salaam ana shushushu wake. Wa mtaani kwetu, Temeke, alikuwa bwana mmoja mwembamba aliyeondoka kila asubuhi na shati jeupe lililopigwa pasi na bahasha ya kaki kwapani. Hasemi anafanya kazi wapi. Jioni anarudi na gazeti. Basi hiyo ilitosha. "Huyo Usalama," tukaambiana, na akipita kijiweni maongezi yote yanahamia kwenye Simba na Yanga. Miaka ikapita ndipo tukajua kwamba bwana yule hakuwa na kazi yoyote. Alikuwa anashinda mjini akizunguka maofisini, na ile bahasha ilikuwa imebeba vyeti vyake.

Ujasusi wetu mwingine tuliupata vitabuni. Nani kati yetu hakuwahi kukesha na tochi chini ya shuka akimfuata Willy Gamba wa Elvis Musiba? Sivikebehi vitabu hivyo, maana ndivyo vilivyowafanya wengi wetu tutake kuandika. Lakini nilipoanza kusoma visa vya kweli, vyenye majina na tarehe, nilikuta mambo mengine. Watu wa usalama, wawe wa serikali au wa kampuni, hawahangaiki sana na mgeni mwenye miwani myeusi. Kinachowakosesha usingizi ni mwenzao wa meza ya pili, mwenye funguo na kitambulisho halali, anayejua chai inaletwa saa ngapi na nani hufunga kabati jioni.

Wahenga walikwishasema, kikulacho ki nguoni mwako. Ila kuna jambo hawakutuambia: ni nguo ya nani inayopekuliwa kwanza?

Swali hili nililikuta stoo. Niliajiriwa ukarani katika kampuni moja ya kuuza spea za magari, jijini humuhumu, na jina lake tuliache. Kazi yangu ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta yale yaliyoandikwa stoo kwenye makaratasi: beringi, filta, breki pedi, mikanda. Mwisho wa mwaka mkaguzi akaja, akahesabu rafu, akahesabu vitabu, namba zikakataa kupatana. Beringi za bei mbaya zilikuwa zimepungua, na si moja wala kumi.

Bosi akaja juu. Wiki ileile kamera ikafungwa kwenye mlango wa makuli. Mlinzi akaamriwa kumpekua kila anayetoka, na hilo neno "kila" lilikuwa na mipaka yake. Makuli walivuliwa viatu. Sisi makarani tulifunguliwa mifuko. Magari ya wakubwa yalipigiwa saluti. Hakuna aliyeshangaa, ndivyo mageti yalivyo.

Kati ya makuli alikuwepo kijana tuliyezoea kumwita Dogo. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa amenunua pikipiki, kuukuu, tenki limebonyea. Mwenyewe alisema ni hela ya mchezo, zamu yake ya kupokea ilikuwa imefika. Nani amsikilize? "Kuli anatoa wapi pikipiki?" Swali hilo lilizunguka ofisi nzima, likapanda juu likiwa swali, likateremka likiwa jibu.

Ijumaa moja tukaitwa mmojammoja kwenye chumba cha mikutano. Mezani kuna karatasi nyeupe na kalamu. Meneja akaniambia, "Andika majina matatu ya watu unaowatilia shaka. Lako usiandike. Hakuna atakayejua."

Hakuniuliza nimeona nini. Hakuuliza mzigo unapokewaje, nani anahesabu, nani anasaini. Alitaka majina tu.

Nilipoishika ile kalamu nikakumbuka gunia. Mwalimu wetu wa historia, sekondari, alitusimulia habari za Nairobi ya mwaka 1954, enzi za Hali ya Hatari. Tarehe 24 Aprili mwaka huo majeshi ya Waingereza yaliuzingira mji katika operesheni waliyoiita Anvil. Waafrika kwa maelfu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakakusanywa na kupangwa mistari ili wachujwe. Katika machujo ya miaka ile alikuwa anawekwa mtu aliyefunikwa gunia kuanzia kichwani, limetobolewa matundu ya macho tu. Unapitishwa mbele yake. Akitikisa kichwa, umekwenda kizuizini. Wenyewe walimwita gakunia, yaani kigunia. Hofu ya wakoloni haikuwa ya kubuni, maana kiapo cha Mau Mau kilikuwa kimewafikia hata watumishi wa majumbani mwao. Lakini gunia lile halikumwambia mtu amefanya kosa gani. Hukujua kama aliye ndani yake ni jirani mliyegombania shamba, mtu unayemdai, au maskini ya Mungu anayejaribu kuiokoa roho yake mwenyewe.

Nikairudisha karatasi tupu. "Sijaona mtu akiiba," nikasema.

Meneja akanitazama. "Unamlinda nani?"

Hapo nikaelewa kwamba kutomtaja mtu nako ni tuhuma. Wenzangu wengi waliandika, na siwalaumu. Mwenye watoto watatu na mkataba wa miezi sita hana nafasi ya kufanya ushujaa. Jina la Dogo lilitoka karibu kwenye kila karatasi. Jumatatu yake mlinzi akamzuia getini.

"Kaka, kwani nimefanya nini?" aliniuliza, kofia mkononi. Sikuwa na la kumjibu. Nilimpa nauli, akaikataa. Alikuwa na pikipiki yake.

Tangu siku hiyo nikawa natafuta habari za watu waliouza siri za ndani na namna walivyonaswa. Nilitaka kujua wakubwa wa kazi hii, wenye mitambo na mabilioni, wao wanafanyaje.

Nikaanza na Aldrich Ames. Huyu alikuwa ofisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, tena mkuu wa tawi lililopewa kazi ya kuwadhibiti majasusi wa Kisovieti. Fisi kapewa bucha. Mwezi Aprili 1985, madeni yamemkaba, akaingia kwa miguu yake kwenye ubalozi wa Kisovieti mjini Washington na kujiuza kwa dola 50,000. Mwezi Juni akakabidhi majina ya karibu watu wote wa Kisovieti waliokuwa wakiisaidia CIA kwa siri. Wasiopungua 10 waliuawa.

Sasa sikiliza. Mshahara wa Ames ulikuwa haufiki dola 70,000 kwa mwaka. Mwaka 1989 alinunua nyumba ya dola 540,000, taslimu. Alikwenda kazini na gari aina ya Jaguar, akaliegesha palepale makao makuu, watu wanaliona. Akiulizwa, anasema wakwe zake huko Kolombia wana uwezo. Wenzake wakaridhika. Mwaka uleule wa 1989 mfanyakazi mwenzao mmoja, mwanamke aliyemfahamu mke wa Ames, alitoa taarifa kwamba utajiri ule hauelekei. Uchunguzi ukafunguliwa, ukasinzia, ukaamshwa, ukasinzia tena. Mashine ya kugundua uongo alipimwa nayo mwaka 1986, na tena mwaka 1991. Mara zote mbili akapita.

Aliyemfikia alikuwa mama mmoja wa hukohuko ofisini, Sandy Grimes, aliyekaa chini mwaka 1992 akapanga tarehe. Tarehe 17 Mei 1985 Ames amekula chakula cha mchana na mwanadiplomasia wa Kisovieti. Tarehe 18 Mei, dola 9,000 zimeingia benki. Tarehe 2 Julai chakula. Tarehe 5 Julai, dola 5,000. Tarehe 31 Julai chakula. Siku hiyohiyo, dola 8,500. Mimi ni karani, kazi hii naijua. Unaweka leja mbili sambamba na unashuka mstari kwa mstari. Karani yeyote angeliona jambo lile kama angepewa leja zote mbili. Ames alikamatwa tarehe 21 Februari 1994. Ilikuwa imepita miaka karibu tisa.

Jaguar ilichukua miaka tisa. Pikipiki yenye tenki lililobonyea ilichukua siku tatu, kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu.

Nilidhani hayo ni ya Ames peke yake, mpaka niliposoma yaliyofuata. Baada ya yeye kufungwa, Wamarekani waligundua kwamba kuna siri zilizovuja ambazo Ames hakuwahi kuzishika. Maana yake yupo mwingine. FBI, ambao ndio wenye kazi ya kuwakamata majasusi nchini mwao, wakaamua kwamba huyo mwingine yuko CIA. Nyani haoni kundule. Wakamwangukia Brian Kelley, ofisa wa CIA. Walikuta ramani aliyochora ya njia zake za mazoezi ya kukimbia, wakaisoma kama ramani ya maficho. Wakamtuma mtu mwenye lafudhi ya kigeni mlangoni kwake kumwambia, umegundulika, kimbia. Kesho yake Kelley akaenda kuripoti. Mtu safi afanye nini zaidi ya hapo? Wao wakaona ni ujanja wa jasusi aliyekubuhu. Mwaka 1999 wakamhoji, akaondolewa ofisini, akakaa nyumbani zaidi ya mwaka. Binti yake, naye mtumishi wa CIA, akaambiwa kwamba baba yake ni jasusi.

Wakati huo jasusi mwenyewe yuko FBI, koti na tai. Robert Hanssen, mtu wa familia, mshika dini, alikuwa akiwauzia siri Wasovieti na kisha Warusi, kwa vipindi, tangu mwaka 1979. Iliwahi kufika mahali akapewa yeye kazi ya kuchambua nani anayevujisha siri, yaani ajitafute. Alikuwa akiingia kwenye kompyuta za ofisi kuangalia kama jina lake limeandikwa popote. Katika miaka yake 25 pale, FBI hawakumpima hata mara moja kwa ile mashine. Mwaka 2000 walinunua jalada kutoka kwa Mrusi mmoja kwa dola milioni 7, na ndani yake mlikuwa na kanda ya sauti. Wakaketi kuisikiliza wakimngoja Kelley azungumze. Akazungumza Hanssen. Walimkamata tarehe 18 Februari 2001, na alifia gerezani mwaka 2023. Kelley alirudi kazini.

Na wenye biashara je? Chukua benki ya Barings ya London, iliyoanzishwa mwaka 1762. Kijana wao wa Singapore, Nick Leeson, ndiye aliyefanya biashara, na ndiye huyohuyo aliyesimamia ofisi ya kuandika hesabu za biashara hiyo. Hasara zote akazificha kwenye akaunti namba 88888. Mwaka 1994 wakaguzi wa benki yenyewe walisema kazi hizo mbili zitenganishwe. Lakini vitabu vya kijana vilionyesha faida, na nani amkague mtu anayeleta faida? Februari 1995 benki ikaanguka na hasara ya pauni milioni 827. Ikauzwa kwa pauni 1. Pauni moja, bwana.

Kule kwetu, baada ya Dogo kuondolewa, beringi ziliendelea kupungua. Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti.

Mwezi wa nne tangu aondoke, mtunza stoo wetu akafiwa na dada yake huko Songea. Ilibidi asafiri. Alikuwa mzee wetu, amekaa pale miaka 19, na hatukumbuki mara ya mwisho alichukua likizo lini. Tulikuwa tunamsifu kwa hilo. Nilipouguliwa na mama yangu ni yeye aliyenikopesha hela ya dawa, wala hakunidai. Ukiingia stoo unasema "Shikamoo Mzee" kwa moyo wote.

Dada aliyekaimu nafasi yake alifungua makaratasi akakuta mwandiko mmoja. Aliyeagiza ni Mzee, aliyepokea ni Mzee, aliyehesabu ni Mzee. Akashangaa kidogo, akaenda kwa mhasibu kuomba daftari la malipo ya makuli. Makuli wetu walilipwa kwa katoni, kila siku, na nyapara aliandika. Akaziweka leja mbili sambamba. Ankara inasema katoni 40, daftari la makuli linasema 34. Mzigo mwingine: 60, na 51. Mwingine tena vivyo hivyo. Muuzaji alikuwa analipwa kwa mzigo asioleta, kisha anagawana na Mzee.

Beringi zile hazikutolewa getini. Hazikuwahi kuingia. Watu walivuliwa viatu kutafuta kitu ambacho hakijafika Dar es Salaam.

Na walioijua hesabu ya kweli, walioibeba mgongoni katoni kwa katoni, ni makuli haohao. Daftari lilikuwa kwenye droo ya mhasibu muda wote.

Nilimpenda Mzee yule, na mpaka leo sijui nimweke wapi moyoni. Ofisini walisimulia kwamba mshahara wake ulikuwa haujaguswa miaka minane, na kwamba alipitwa cheo na ndugu wa bosi aliyemfundisha kazi yeye mwenyewe. Halimsafishi hilo. Alimwona Dogo akizuiwa getini, akanyamaza, akaendelea kunywa chai yake. Lakini mwajiri mwenye akili angepaswa kuyajua mambo yote mawili: kwamba mtu huyu ana kinyongo, na kwamba mtu huyu ana funguo zote.

Sisemi mdogo haibi. Mwaka 2010 aliyevujisha mamia ya maelfu ya nyaraka za serikali ya Marekani alikuwa askari wa cheo cha chini, Chelsea Manning, na Oktoba 2011 Rais Obama akasaini amri ya kuzitaka idara zenye mitandao ya siri ziwe na mpango wa kuzuia hatari kutoka ndani. Ulinzi unahitajika. Ninalosema ni kwamba tuhuma ina uvivu wake: hushuka ngazi, haipandi. Humwendea asiye na tai, wa kabila lingine, wa idara ya jirani, aliyenunua kitu kidogo juzi. Tunayefanana naye na tunayemwamkia tunamruka.

Kwa hiyo ulinzi wenye maana haupaswi kuanza na sura ya mtu. Uanze na nafasi yake. Nani hapa anaweza kufanya jambo zima peke yake, mwanzo hadi mwisho, bila jicho la pili? Ndiyo maana chumba cha hazina cha benki kina funguo mbili mikononi mwa watu wawili. Ndiyo maana benki nyingi humlazimisha mtumishi achukue likizo yake, mwingine akalie kiti chake. Anayeagiza asipokee, anayepokea asilipe. Pekuzi la getini liwe la kila mtu, na gari la bosi likiwemo. Utaratibu wa namna hiyo haumtukani mtu, na hata mwaminifu unamlinda, maana siku kitu kikipotea ana mwenzake wa kumshuhudia.

Kisha waulize watu walichokiona. ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa ulaghai, katika ripoti yake ya mwaka 2024 kilionyesha kwamba asilimia 43 ya visa vilivyochunguzwa viligundulika kwa sababu mtu alitoa taarifa. Hakuna njia nyingine iliyokaribia hapo. Lakini taarifa na gunia ni vitu viwili. Taarifa husema, "Katoni zilikuwa 34." Unaweza kwenda kuzihesabu, na anayetajwa anaweza kujibu. Gunia husema, "Ni yule."

Ndugu zangu tunaoandika, hadithi za majasusi na ziendelee, mimi mwenyewe bado nazisoma. Naomba tu mara mojamoja tuingie stoo na tumpe kuli mistari ya kusema.

Kampuni haikumwita tena Dogo. Barua ya kumwomba radhi haikuandikwa. Siku hizi ni bodaboda, na nilipomkuta kituoni Mbagala nilimweleza yote: daftari, katoni, Mzee. Alisikiliza huku akifuta vumbi kwenye kiti cha pikipiki. Mwisho akacheka kidogo.

"Sasa kaka," akasema, "sisi si tulikuwa tunalipwa kwa katoni? Wangetuuliza tu."